Gari Lililokataa Ugali

Kwa miaka mingi niliamini, kwa moyo wangu wote na kwa cheti changu cha kidato cha nne, kwamba gari linaweza kukataa chakula. Sisemi mafuta. Nasema ugali. Ilijulikana Mikumi nzima, kuanzia stendi mpaka geti la hifadhi, kwamba Fundi akiletewa gari hulilisha kwanza tonge la ugali. Likila, mwenye gari ana moyo safi na kazi itafanyika. Likikataa, basi mwenye gari ana jambo kifuani, ama husuda, ama kiapo alichokivunja, ama kuna kaburi linamdai, na Fundi hataligusa gari hilo hata umletee ng'ombe na ndama wake. Magari ya watu wote yalikula. La shemeji yangu lilikula mpaka likabeua. Langu lilikataa.

Usicheke kwanza. Ungekuwepo Mikumi miaka ile ungeamini na wewe.

Fundi alikuwa mzee wa kazi moja. Mikumi tuna mafundi wa injini, wa umeme, wa pancha, na wale wa kukuharibia gari ili kesho urudi. Yeye alishughulika na magari yaliyonyanyuliwa tu, haya tunayotembezea wageni hifadhini. Gari likinyanyuliwa huwekewa springi ndefu, shokapu ndefu na matairi makubwa, ili lipite juu ya mawe na makorongo na mgeni aone twiga uso kwa uso. Lakini gari la namna hiyo lina ugonjwa wake. Chini ya chesisi, juu kidogo ya ekseli, kuna kipande cha raba nene tunachokiita stopa. Kazi yake ni kuidaka ekseli inaporuka, isigonge chuma kwa chuma. Sasa wewe umeongeza matairi, umerefusha shokapu, umenyanyua kila kitu, na stopa bado iko pale pale ilipoachwa na kiwanda, kama mlinzi aliyebaki analinda nyumba ya zamani wakati wenyewe mmeshahama. Ukitumbukia kwenye korongo, kabla ekseli haijaigusa stopa, tairi limeshang'ata madigadi, shokapu imefika mwisho na kupasuka, na wageni wako wamegonga vichwa kwenye paa. Kwa hiyo stopa lazima ishushwe, iongezewe kitako, ilingane na urefu mpya.

Mafundi wengine walikisia. Fundi alilisha.

Alikuwa na taruma bovu la reli, lile gogo zito linalolazwa chini ya vyuma vya treni, alilolitoa kwao Kilosa. Alikuwa pia na kitambaa alichofungia ugali wa kiporo, ugali wa dona, uliolala ukakaza. Akaumega, akaukanda kwa kiganja mpaka ukalainika, akaupachika ndani ya madigadi, juu kabisa ya tairi. Halafu akamwambia dereva apandishe gurudumu moja juu ya taruma, taratibu, mpaka gari lipinde kama mbwa anayekojolea ukuta. Likishuka, yeye anaingia chini na tochi. Kama tairi limelibonda lile tonge, anapiga kelele kutoka chini, "Imekula." Anachungulia ugali uliobaki una unene gani, anakwenda kukata raba kwenye mkanda mpana chakavu wa mashine ya kubebea miwa, alioletewa kutoka kiwanda cha sukari cha Ruaha, anaifunga juu ya stopa, anabandika tonge jipya, mnapanda tena. Anarudia hivyo hivyo mpaka siku, au saa, ambayo ugali unatoka na alama ndogo tu ya tairi. Hapo anasema, "Imebusu." Gari likishabusu, unaweza kulirusha kwenye korongo lolote kuanzia Mikumi mpaka mwisho wa dunia.

"Ugali haudanganyi," alipenda kusema. "Mtu akila, sahani inaonyesha."

Sasa nieleze kilichokuwa kinaniuma, maana si gari peke yake. Yule mzee alikuwa na kila kitu nilichokitaka, na hakuwa hata na adabu ya kuonekana anakifurahia.

Chukua shati. Alivaa shati jeupe kazini. Nasema jeupe, jeupe la kuendea Idi, lenye mkunjo wa pasi mikononi. Aliingia chini ya magari yaliyotoka kwenye matope ya masika, akatoka, akajipangusa mara moja kwa kanga kuukuu ya mkewe, na shati limebaki vile vile. Mimi nikinywa chai, hata kama kikombe kiko meza ya jirani, doa linanifuata. Nilimuuliza siku moja siri ni nini. Akasema, "Uchafu unamfuata anayeuogopa." Nikaenda nyumbani nikamwambia mke wangu maneno yale kama mzaha. Tangu siku hiyo kila nikichafua shati, mke wangu ananisomea ule msemo. Ndani ya nyumba yangu mwenyewe.

Chukua salamu. Mimi ni mtu mzima, nina watoto, nina cheti, na vijana wa stendi wananisalimia "oya, mambo". Fundi akipita, hata konda aliyening'inia mlangoni anajirekebisha. "Shikamoo, Fundi." "Marahaba." Shikamoo zilimwangukia kama mvua ya Aprili, na yeye akazipokea huku anatafuta spana. Kuna siku kijana mmoja wa Dar, mwenye miwani ya jua, aliteremka kwenye gari la kampuni akasema, "Niaje, mzee wangu, tuchekie hii chuma." Fundi alikuwa amelala chini ya gari lingine. Akatoka, akamtazama, akakunja kitambaa chake cha ugali, akaondoka kwenda kunywa kahawa. Gari lililokuwa kwenye jeki likabaki kwenye jeki. Mwenye gari hilo, mtu asiye na kosa lolote, ndiye aliyekwenda kumpigia magoti yule kijana amwombe akasalimie vizuri. Kijana akaenda kahawani. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mwanangu. Umeamkaje?" Wakarudi wameshikana mikono. Ningefanya hivyo mimi, ningekosa mteja na kahawa yenyewe ningelipia.

Na mzee mwenyewe alikuwa amejaa vituko ambavyo kwa mtu mwingine vingekuwa aibu. Alitengeneza magari ya porini maisha yake yote, na ndani ya gari akikaa anatapika. Kutoka uwanja wake, ule ulioko nyuma ya vibanda vya nyama choma, mpaka kwake, alitembea. Kwenda Kilosa alikuwa tayari kuzunguka na treni siku nzima kuliko kukaa ndani ya gari aliloliwekea stopa yeye mwenyewe. Tembo aliwaogopa kuliko kifo. Hifadhi iko pale, unasikia fisi ukiwa kitandani, na yeye hakuwahi kuvuka geti. "Mimi nawafikisha kwa tembo," alisema. "Kuwatazama ni kazi yenu." Alipenda mpira, lakini dakika za mwisho alizima redio kwa sababu moyo haukustahimili, kisha akakaa anamsubiri mpita njia amwambie matokeo, na mpita njia akimwambia timu yake imefungwa, alisema redio isingezimwa wasingefungwa. Aliswali swala zote, na akimaliza, nati ikimgomea, aliitukana matusi ambayo sitayaandika hapa kwa sababu mama yangu anajua kusoma.

Kwa chakula alikuwa mkarimu kupita kiasi. Kwa maneno alikuwa bahili. Hakueleza kitu. Ukimuuliza kwa nini stopa hii nene na ile nyembamba, anakujibu, "Kwa sababu ile nyembamba." Ukimshukuru anakasirika. Alikuwa akijisifu, hilo nalo niliseme, msije mkadhani namchora malaika. Alisema kuanzia Morogoro mpaka Iringa hakuna mwingine, na alisema hivyo hata kama hakuna aliyemuuliza. "Gari iliyonyanyuliwa bila stopa ndefu," alitangaza kila mara akiwa na watu, "ni sawa na mtu aliyepewa cheo akakosa ndugu wa kumkemea. Itafika siku itajivunja yenyewe." Watu wanacheka, wanaitikia, wanamnunulia kahawa. Mimi nimewahi kusema maneno yenye hekima mara nyingi sana mbele ya watu wale wale, na hakuna aliyenyanyua hata kikombe.

Mimi aliniita Msomi. Nilisoma shule ya usiku, kwenye darasa la shule ya msingi, tumebanwa kwenye madawati ya watoto kiasi kwamba wengine tulihitimu tukiwa na magoti ya watu wa miaka themanini. Nilikuwa nikipita uwanjani kwake na madaftari yangu. "Msomi," anasema, "mmefika wapi huko gizani?" "Tuko kwenye jiografia, Fundi." "Mkiona Kilosa kwenye ramani, nisalimie." Wote wanacheka, na mimi nacheka, maana nacheka upesi. Lakini ndani nilikuwa nahesabu. Nilijiambia, siku nitakayokuja na gari langu mwenyewe, lililonyanyuliwa, utanisalimia vingine.

Siku ikaja. Gari nililinunua Morogoro kwa mtu aliyeniapia kwa dini zote mbili kwamba limenyanyuliwa. Bampa pana kama meza ya harusi. Bomba la kupumulia majini limepanda mpaka paani. Matairi mapya yenye meno ya mamba. Niliporudi Mikumi nilipita kwanza kwa mwandishi wa vibao, nikaandikisha kwenye kioo cha nyuma, kwa herufi za dhahabu, neno moja: NIMENYANYULIWA. Lilikuwa na maana mbili, ya gari na ya mwenye gari, kwa sababu cheti kilikuwa kimetoka mwaka ule ule. Mchungaji wetu alilisifu neno lile madhabahuni.

Nikaenda kwa Fundi. Sikwenda peke yangu. Shemeji yangu, kaka wa mke wangu, dereva mwenzangu, aliongozana na mimi kuona kama nitapata stopa nzuri kuliko za kwake. Na madereva wengine walikuwepo, maana pale palikuwa hapakosi watu.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msomi. Hii imenyanyuliwa?"

"Soma kioo, mzee wangu."

Watu wakaangua kicheko, kicheko kizuri, cha upande wangu. Fundi akaingia chini ya gari. Akakaa huko mpaka nikadhani amesinzia. Alipotoka hakunitazama. Alikwenda nyuma, akasimama mbele ya kile kioo, akasoma. Kisha akachukua kitambaa chake, akamega ugali, akaukanda, akaubandika.

"Panda."

Nikapanda taruma. Nikashuka. Akachungulia.

"Panda tena. Na kwa nguvu."

Nikapanda kwa nguvu, gari likalia kama kitanda cha wageni. Nikashuka. Akachungulia, akaingiza mkono, akalitoa lile tonge. Lilikuwa duara, zima, lina alama za vidole vyake tu.

"Imekataa," akasema.

"Imekataa nini, mzee?"

"Ugali. Haijala. Rudi nyumbani, Msomi."

"Lakini hizi stopa…"

"Haihitaji. Siku ikila, uje."

Shemeji hakuweza kukaa kimya. "Fundi, ya kwangu mbona ilikula mara ya kwanza?"

"Ya kwako ilikuwa na njaa."

"Na ya huyu?"

Fundi akalitazama lile tonge, halafu akawatupia kuku. "Ya huyu imekataa. Kuna gari nyingine hapo? Au mmekuja kunywa kivuli changu?"

Nikasikia nyuma yangu dereva mmoja anamnong'oneza mwenzake, "Labda haipendi kiporo." Mwenzake akamjibu, "Gari inajua moyo wa mwenyewe." Hapo hapo, kwa maneno hayo matano, nikafilisika.

Nyie mnajua maana ya kukataa chakula kwetu. Ukikaribishwa, unaonja, hata kama umeshiba. Anayekataa tonge la mtu ana kinyongo, au anaogopa sumu kwa kuwa na yeye ana sumu. Basi jioni ile habari ilikuwa imefika sokoni, na ilipofika nyumbani kwangu ilikuwa imeshaota miguu na mkia. Mke wangu alikuwa anachambua mchicha.

"Baba Tumaini, umemfanyia nini yule mzee?"

"Sijamfanyia kitu."

"Wanasema gari lako limetema."

"Halikutema. Lilikataa."

"Ee," akasema, akaendelea na mchicha. "Ndiyo hivyo wanavyosema."

Mimi nilijua kitu kimoja ambacho yeye hakukijua: kwamba kweli nilikuwa na husuda na yule mzee, husuda ya shati, ya shikamoo, ya kahawa. Kwa hiyo ningepinga vipi? Gari lilikuwa limesema kweli.

Nilijaribu kujiokoa. Nilimwomba mke wangu apike ugali wa sembe, mweupe, laini, nikiamini labda gari la Morogoro mjini limedharau dona. Nikalipeleka nyuma ya nyumba mchana kweupe, nikabandika tonge, nikapandisha tairi kwenye tofali la msingi. Halikula. Nikapakia mawe nyuma. Halikula. Nikawapakia ndugu wa mke wangu waliokuja kutoka Munisagara, watu wa milimani, wazito kwa viazi na maharage, nikawaambia wakae upande mmoja. Tonge likatoka zima. Nilipoinua macho, jirani alikuwa juu ya uzio wake, ameshika mfuniko wa sufuria.

"Jirani," akaniuliza kwa upole, "umejaribu na mboga?"

Baada ya hapo mke wangu hakupanda tena gari langu. Hakusema sababu. Kulikuwa na msiba kwao Munisagara, nikawasha gari, nikafuta kiti, na yeye akatoka na mkoba wake akaingia kwenye gari la kaka yake. "Lile la kaka limezoea njia," alisema. Nikawafuata nyuma mpaka Kilosa nikila vumbi la stopa ndefu.

Na kazini ikawa vile vile. Gari lililonyanyuliwa bila stopa litajivunja, Fundi mwenyewe alikuwa akilitangaza hilo kila siku, na langu lilinyanyuliwa, kisha likanyimwa stopa. Kwa hiyo nikawa naendesha kama nimebeba mayai ya askofu. Nikifika kwenye korongo nasimama, nashuka, nalichungulia, nalivuka kwa dua. Redio ya upepo ikisema simba wako kando ya bwawa, wenzangu wanaruka makorongo kama swala, mimi nafika simba wameshakula, wameshalala, wameshazeeka. Wageni wangu waliona migongo ya magari mengi sana. Shemeji alikuwa akinipita ananipungia mkono kwa heshima, na heshima yake ndiyo iliyonichoma zaidi. Jioni anamsimulia dada yake jinsi simba jike alivyomtazama machoni. Mke wangu anasikiliza kama anasomewa injili.

Mtu ataniuliza, mbona hukumrudia Fundi ukamuuliza? Nilirudi. Kila mara kulikuwa na watu, na kila mara aliniwahi: "Msomi, imekula?" "Bado, Fundi." "Basi vizuri." Vizuri. Nikaona ananicheka. Nikaacha kupita njia ile, nikawa nazunguka kwa upande wa kanisa, na huko pia nikamkuta kwenye mazungumzo ya watu. Mtu anajenga nyumba, anasema nguzo zibebe kwa kubusu kama stopa za Fundi. Binti anaposwa, bibi yake anauliza kijana amekula au amekataa. Mzee yule alikuwa ameingia mpaka kwenye lugha, na mimi niliingia kwa mlango huo huo, upande wa pili. Mtu akiwa mgumu kueleweka Mikumi, walisema, "Huyo ni kama gari la Msomi."

Halafu miguu ya Fundi ikachoka. Alifunga uwanja, akaliacha taruma lake pale pale, akaondoka na mkewe kwenda shambani kwao Chanzuru, ukishavuka Kilosa mjini. Wengi walilia. Mimi nilikwenda kumuaga, nikampa mkono, na nikajisikia, Mungu anisamehe, kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Lakini kiatu kiliniganda. Mwaka huu kambi moja ya wageni ilitaka dereva wa kudumu mwenye gari lake. Kazi ya mwaka mzima, masika na kiangazi, si hii ya kusubiri getini kama kuku wa soko. Meneja wao, mama mmoja mchangamfu, alinipenda kwa maongezi. Alicheka hadithi zangu mpaka akashika mbavu. Halafu akapanda gari langu twende tukaone njia zao, na tulipofika kwenye korongo la kwanza nikasimama, nikashuka, nikalichungulia.

"Kaka," akasema niliporudi kwenye usukani, "kwa mwendo huu wageni wangu watakosa ndege ya kurudi kwao. Gari ina shida gani?"

"Stopa, dada. Zinahitaji kurekebishwa."

"Karekebishe. Nakusubiri mpaka wiki iishe. Ikishindikana, shemeji yako naye ameomba."

Shemeji naye ameomba. Asubuhi ya kesho yake nilikuwa njiani kwenda Chanzuru.

Nilimkuta Fundi kibarazani, mchana, amekaa kwenye mkeka na miguu ameinyoosha mbele yake kama vitu vya mtu mwingine. Shati jeupe. Pasi mikononi. Nyuma yake mahindi yalikuwa yamesimama marefu kuliko ya jirani zake wote, bila shaka kwa kumkomoa mtu fulani.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Msomi. Imekula?"

"Haijala, mzee wangu."

"Basi vizuri. Kaa."

Mkewe alitoka ndani, mama mfupi mwenye sauti ya kuamuru. "Shikamoo, Mama." "Marahaba, baba. Wa nyumbani hawajambo? Nawa mikono." Kilicholetwa, sihitaji kusema, kilikuwa ugali wa dona, na kisamvu. Nililiangalia lile tonge la kwanza mkononi mwangu kwa muda kidogo, mama akaniona.

"Vipi, na wewe unakataa?"

Nikala. Nikala kwa hasira, nikala mpaka nikatokwa jasho, na kisamvu kiliponiishia kwenye vidole nikasema yote. Nikamwambia Fundi kwamba sikuja kusalimia. Kwamba nitakosa kazi ya maisha yangu na ataipata shemeji. Kwamba mke wangu hajapanda gari langu tangu siku ile. Kwamba kama ni husuda ninayo, nimekuwa nayo tangu shule ya usiku, nilimwonea wivu mpaka shati, na kama gari lilinisema basi lilisema kweli, lakini mtu anaadhibiwa mpaka lini? Nikamwomba anikatie raba mbili tu, hata kwa kukisia, hata kwa macho.

Fundi alikuwa anatafuna. Akameza. Akaangalia gari langu pale barabarani, lile bampa, yale matairi, zile herufi za dhahabu zilizochubuka.

"Ile gari ilikataa," akasema, "kwa sababu haikuwa na njaa."

"Mzee," mkewe akamkatiza, "acha mafumbo. Huyu mtu ana mke na watoto. Mwambie."

"Nilimwambia haihitaji."

"Ulimwambia kwa mafumbo mbele ya watu wakamcheka miaka yote hii."

"Ningemwambia waziwazi wangemcheka zaidi. Aliandika kwenye kioo."

Nikaona kwa mara ya kwanza kwamba shati lake lilikuwa na tone la kisamvu kifuani, na kwamba alikuwa ameliona na hakujua alifute vipi mbele yangu.

Mama alikusanya sahani. Alizipanga moja juu ya nyingine, akaweka bakuli la kisamvu juu yake, akanigeukia.

"Springi zako ni za kiwandani, baba," akasema. "Shokapu za kiwandani, na stopa za kiwandani zinazitosha. Alirudi nyumbani siku ile akaniambia, leo nimelisha gari ambayo najua haili, kwa ajili ya kumsitiri tu yule kijana. Gari yako haijanyanyuliwa. Haijawahi kunyanyuliwa hata siku moja. Walikuwekea bampa. Endesha tu."